Mzigo wa Mama Dafroza Washuka Chini

"Ungekufa, mama! Mvua ya mawe inapiga, na wewe umesimama..."

"Ningekufa ndani kama panya, ndicho unachotaka? Mimi nimekimbia..."

"...umesimama chini ya mti, mzigo kichwani..."

"...nimekimbia nchi tatu, Athanasi! Tatu! Na sijawahi kufia ndani ya nyumba!"

"Ukifa mara moja inatosha, mama. Hakuna anayekufa kila nchi."

Margareta, mke wa Athanasi, akaweka ugali katikati ya meza. "Kuleni kwanza," akasema. "Mtagombana mkishashiba."

Hawakula. Athanasi alikuwa ametoka kazini, ghalani karibu na uwanja wa ndege wa Louisville, Marekani. Mama yake, Mama Dafroza, alikuwa amefungwa bandeji mkono wa kulia. Na binti yao Généreuse, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa na nyuzi tatu kwenye paji la uso.

Mambo yalikuwa hivi. Jana yake jioni, king'ora cha mji kililia. Si kile cha majaribio ambacho hulia Jumanne moja kila mwezi. Hiki kilikuwa cha kweli. Nyumbani walikuwa wawili tu, bibi na mjukuu. Mama Dafroza hakuuliza kitu. Alichukua mzigo wake uliokaa mlangoni siku zote, akamshika mtoto mkono, wakatoka mbio nje.

Mzigo huo kila mtu aliujua. Ni kitenge kimefungwa fundo. Tangu alipokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, akiwa msichana, Mama Dafroza hajawahi kulala bila mzigo mlangoni. Kongo ulikuwepo. Kambini Tanzania ulikuwepo. Louisville, mwaka wa saba sasa, bado upo.

Tonado, kimbunga kinachozunguka, ilipita mbali siku hiyo. Lakini upepo wake ulifika. Kipande cha bati kiliruka kikampata mtoto usoni. Mama Dafroza alianguka akaumia kiganja.

"Sikiliza, mama," Athanasi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "King'ora kikilia, watu wanashuka besimenti, chini ya nyumba. Wewe hutaki kushuka. Basi siwezi kukuachia mtoto. Nitampigia Florida. Utaenda kukaa kwake Buffalo."

Florida ni dada yake Athanasi. Mama Dafroza alimpenda Florida. Lakini Généreuse alikuwa akilala naye chumba kimoja tangu azaliwe.

"Daddy, no!" Généreuse akasema.

Mama Dafroza akaangalia ugali. "Mimi shimoni nitaingia nikifa," akasema polepole. "Mara moja. Siendi kufanya mazoezi."

*

Jumamosi asubuhi Nzigire akabisha hodi. Nzigire ni Mkongo wa Bukavu. Anasali nao kanisa moja. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani. Zamani aliishi Columbus, na huko ndiko alikosoma darasa la kujikinga na tonado. Sasa yeye mwenyewe hufundisha wengine kanisani, baada ya misa.

"Mama, pole sana. Mukono iko namna gani?"

"Unauma, mwanangu. Lakini mdomo wa Athanasi unauma zaidi."

Nzigire akacheka. Margareta akamweleza yote: king'ora, mzigo, Buffalo. Nzigire akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bon. Mama, naomba nione huo muzigo."

Mama Dafroza akafungua fundo kwa mkono wa kushoto. Ndani mlikuwa na sufuria ndogo, unga wa muhogo, maharage makavu, kiberiti, makaa kwenye mfuko, chumvi, na kadi ya zamani ya kuchukulia chakula kambini.

"Kadi ya kambi!" Athanasi akasema. "Mama, hapa Kentucky utampa nani?"

"Wewe cheka. Kadi hii imekulisha miaka kumi na minne."

"Baba Généreuse, na wewe uko na nini?" Nzigire akauliza. "Tonado ikikuya leo, umetayarisha nini?"

"Mimi? Tuna kila kitu. Chakula cha makopo kipo. Tochi ipo. Besimenti ipo."

"Vizuri. Donc, tucheze. Saa moja tu. Tunashuka chini na muzigo ya mama, na ile makopo, na ile tochi. Mimi nazima umeme. Tuone nani atakula."

Wakashuka. Mama Dafroza hakushuka. Alikaa juu, ngazi ya kwanza, mlango wazi mgongoni kwake. Nzigire akaenda kwenye boksi la umeme ukutani. Tak! Giza.

"Tochi," Nzigire akasema.

Athanasi akabonyeza tochi. Haikuwaka. Akaipiga kwenye paja. Haikuwaka.

"Généreuse, betri ziko wapi?"

"I put them in the remote," sauti ndogo ikajibu.

Margareta akapiga hatua moja. "Yalaa! Nimekanyaga msumari!"

"Uko na viatu?"

"Sina. Nani anavaa viatu nyumbani?"

"Sawa," Nzigire akasema. Alikuwa na kijitochi chake mfukoni, akakiwasha. Mguu wa Margareta ulikwaruzwa kidogo tu. "Tonado ikipita, chini kote ni vioo na misumari. Tunakula sasa. Baba Généreuse, tupe chakula."

Athanasi akatoa kopo la samaki. Akaligeuza juu. Akaligeuza chini. Kifungulio kilikuwa jikoni. Akajaribu kwa ufunguo wa gari. Akajaribu kwa meno.

Juu kwenye ngazi mtu akaanza kucheka.

"Athanasi, mwanangu! Samaki wameiva?"

"Mama, tafadhali."

"Basi pika maharage yangu! Yanataka saa tatu tu!"

Athanasi alikasirika. Akavuta mfuko wa makaa na kiberiti. "Nitapika kweli. Nitawasha moto hapa, tutakula."

"Hapana!" Nzigire akamshika mkono kwa nguvu. Hakuwa anacheka tena. "Weka chini hiyo kiberiti. Makaa ndani ya nyumba inaua. Moshi wake mubaya hauonekane na hauna harufu. Munasikia usingizi, munalala, hamuamuke. Watu wengi banakufa hivyo umeme ikikatika. Makaa, jiko ya gesi, jenereta, yote ni inje. Inje kabisa, mbali na madirisha."

Juu ya ngazi kicheko kikakatika.

"Hata tukifungua mlango kidogo?" Mama Dafroza akauliza.

"Hata mukifungua mulango, mama."

Mama Dafroza alibeba makaa yale miaka mingi.

Zikapita dakika arobaini. Athanasi akaanza kusimama mguu huu, mara mguu ule.

"Nini tena?" Margareta akauliza.

"Nataka kwenda... juu kidogo."

"Hakuna juu," Nzigire akasema. "Juu kuna tonado."

Mama Dafroza akacheka mpaka akashika ukuta. "Hee! Wanaume wa siku hizi! Sisi tukikimbia, kitu cha kwanza ni ndoo. Ndoo yenye kifuniko! Watu arobaini mmejificha, unadhani wanakwenda wapi?"

Nzigire akainua uso. "Mama, hii umesema ni ya kweli. Mimi nafundisha watu miaka mitatu, na kila mara nasahau ndoo. Sema ingine."

"Ingine ipi?"

"Vitu yenye mulibeba na ikawasaidia."

Mama Dafroza akafikiri. "Sabuni. Kamba. Na kitenge hiki usikidharau. Kinafunga mkono uliovunjika, kinabeba mtoto, kinafunika aliyelowa. Na mtoto afundishwe majina. Jina lake, la baba yake, na la mtu mmoja anayekaa mbali. Tulipotawanyika, mtoto aliyejua majina ndiye aliyepatikana."

"Généreuse, mtu wenu wa mbali ni nani?" Nzigire akauliza.

"Aunt Florida. In Buffalo."

"Namba yake?"

Généreuse hakuijua. Ilikuwa ndani ya simu ya baba. Margareta naye hakuijua. Hata Athanasi, ndugu yake, alijua tarakimu nne za mwisho tu.

"Mutaijua kwa kichwa," Nzigire akasema. "Mistari ya hapa ikijaa, meseji ya kwenda mbali inapita. Kila mutu anamwambia Florida: niko muzima, niko hapa. Yeye atawaunganisha."

Akawasha umeme. Athanasi akapanda ngazi mbiombio, akampita mama yake bila kumwangalia.

*

Nzigire akaenda kukaa kwenye ngazi karibu na Mama Dafroza.

"Mama, kwa nini hautaki kushuka?"

Mama Dafroza akasugua bandeji. "Mwaka ule wa mauaji, watu wa nyumba mbili walibaki ndani. Walifunga milango. Sisi tulitoka tukalala kwenye majani ya mto. Asubuhi sisi tulikuwepo. Wao hawakuwepo. Unaelewa? Ndani ndiko wanakokukuta."

"Naelewa. Sisi pia tulitoka, kule kwetu. Mama, ulifanya vizuri. Ulikuwa unakimbia mutu. Mutu iko na macho. Anajua nyumba yako, anajua mulango. Mutu, unamukimbia kwa kutoka."

"Basi."

"Lakini hii ni upepo. Haina macho. Haitafute Dafroza. Inaokota mbao, inaokota bati, vioo, inatupa tu. Ukiwa inje, uko mahali inatupa vitu. Upepo, unaikimbia kwa kuingia. Ndani, chini, mbali na madirisha."

Mama Dafroza akainama kumtazama mtoto. Chini, Généreuse alikuwa akitafuta betri. Nyuzi tatu zilionekana wazi kwenye mwanga.

"Lile bati," Mama Dafroza akasema, "nililiona likija. Nilimvuta mtoto. Nilimvuta upande mbaya."

"Mama, si kosa yako. Ulimupeleka mahali ulijua."

"Mlango usifungwe na ufunguo," Mama Dafroza akasema.

"Hapana, hatufunge."

"Na mzigo ni wangu. Athanasi asiuguse."

"Muzigo ni wako. Wewe ndiye muchungaji wake."

Mama Dafroza akashuka ngazi moja. Akashuka ya pili. Akafika ya tatu, akasimama. "Leo zinatosha," akasema.

*

Hawakununua vyote siku moja. Kila wakienda dukani waliongeza kitu kimoja au viwili. Kwanza maji. Nzigire alisema galoni moja kwa kila mtu, kila siku, kwa siku tatu. Wao ni wanne, kwa hiyo galoni kumi na mbili. Athanasi alizipanga chini ya ngazi za besimenti, mahali pasipo na dirisha.

Halafu Margareta akanunua pipa la plastiki lenye magurudumu na kifuniko. Mama Dafroza akalipanga mwenyewe, akiwa juu ya ngazi, akinyoosha kidole. "Hicho chini. Hicho juu. Sio hapo, hapo!" Tochi mbili na betri za akiba. Redio ndogo ya betri. Samaki wa kopo, njugu na biskuti, vitu vya kula bila kupika. Kifungulio cha kopo, kimefungwa kwa kamba kwenye pipa ili asiwepo wa kukirudisha jikoni. Dawa za presha za bibi, za wiki nzima. Plasta na bandeji. Filimbi, ya kupiga kama mmefukiwa na sauti imekauka. Betri ya kuchajia simu. Mablanketi. Viatu vigumu, jozi moja kwa kila mtu. Nakala za karatasi za uhamiaji na vyeti, ndani ya mfuko usioingia maji. Ndoo ikasimama pembeni, na kifuniko chake na sabuni.

Généreuse akaleta kofia ngumu za baiskeli. "For our heads," akasema. Ya bibi ilikuwa ya rangi ya waridi.

Makaa yalitolewa. Yaliwekwa kibanda cha nje. Kadi ya kambi ilibaki. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kila Jumapili baada ya chakula walifanya mazoezi. Athanasi alipiga kelele ya king'ora kwa mdomo. Wote walikimbilia chini. Mama Dafroza alifika ngazi ya tatu, akasimama hapo, akawahesabu. Wiki mbili, tatu, hakupita ya tatu.

"Mama," Athanasi akasema Jumapili moja, "siku ya kweli ngazi ya tatu haitoshi."

"Nimesikia."

"Florida ameshatayarisha chumba. Sitaki uende. Lakini mtoto..."

"Nimesema nimesikia, Athanasi."

*

Alhamisi ilikuja na joto la ajabu. Saa nane mchana redio ikatangaza wochi. Nzigire alikuwa amewafundisha: wochi maana yake hali ya hewa inaweza kuzaa tonado, kwa hiyo kaa tayari, vaa viatu, chaji simu. Woning maana yake tonado imeonekana. Hapo usikae tayari tena. Shuka.

Athanasi alikuwa kazini. Margareta alikuwa amesharudi kutoka hotelini, kazini kwake kufua mashuka. Saa kumi na robo mbingu ikageuka rangi ya kijani kibichi, kama maji ya bwawa. King'ora kikaanza kulia.

"Woning!" redio ikasema.

"Généreuse, shuka!" Margareta akaita. Yeye mwenyewe akageuka kukimbilia chumbani. "Nachukua chaji ya simu!"

"Iko kwenye pipa!" Mama Dafroza akapiga kelele. "Kila kitu kiko kwenye pipa! Shuka, Margareta, nitakupiga!"

Margareta akashuka. Généreuse alikuwa tayari chini, kofia kichwani. Mama Dafroza akafika ngazi ya tatu. Miguu ikasimama.

Nyuma yake mlango wa mbele ulikuwa ukigonga kwa upepo. Hata sasa mwili wake wote ulisema: toka. Nje kuna nafasi. Nje unaweza kukimbia.

"Bibi," Généreuse akasema. Safari hii hakusema kwa Kiingereza. "Bibi, njoo. Naogopa."

Mama Dafroza akashuka ya nne. Ya tano akaishuka amefumba macho. Zilizobaki hakuzihesabu.

Wakajibana chini ya ngazi, mtoto katikati, blanketi juu yao. Masikio yakaziba. Halafu sauti ikaja, kama magari makubwa kumi yakipita juu ya paa. Kioo kikavunjika. Kitu kizito kikaanguka, nyumba ikatetemeka, vumbi likawamwagikia. Taa zikazima. Mama Dafroza aliimba wimbo wa kanisa bila maneno, mdomo ukiwa kwenye nywele za mjukuu.

Dakika sita. Kisha mvua tu.

"Tochi," Mama Dafroza akasema. Margareta akaiwasha. Iliwaka.

Wakavaa viatu vigumu kabla ya kupanda. Sebuleni vioo vilijaa kila mahali. Mti wa mbele, ule aliosimama chini yake siku ile, ulikuwa umelalia baraza. Tawi moja limeingia dirishani mpaka kwenye kochi. Margareta alitazama, akashika mdomo.

Simu hazikupita. Généreuse akaandika meseji kwa namba aliyoijua kwa kichwa. Baada ya muda jibu likaja kutoka Buffalo. Margareta akalisoma kwa sauti: "Mungu asifiwe. Athanasi ameniandikia pia. Yuko mzima, anakuja, barabara zimefungwa. Mama alishuka?"

"Mwambie alishuka," Mama Dafroza akasema. "Mwambie zote. Ngazi kumi na mbili, nimezihesabu nikipanda."

Wakafungua njugu. Redio ikaendelea kusema. Ikasema mawingu mengine yanakuja nyuma ya haya, baada ya nusu saa hivi. Msitoke. Kaeni karibu na mahali penu pa kujikinga.

Ndipo mlango wa jikoni ukagongwa.

Alikuwa Nzigire. Amelowa mwili mzima. Margareta akamkumbatia. "Dada! Umekuja kutuangalia! Tuko salama, njoo uone, kila kitu kimefanya kazi, tochi, redio, hata ndoo! Mama ameshuka mpaka chini! Mwalimu, umetuokoa!"

Nzigire akatikisa kichwa kuitikia. Lakini hakuangalia pipa, wala tochi. Aliangalia nyuma yake. Pale mvuani walisimama watoto wanne, kila mmoja ameshika nguo ya mwenzake, mdogo kabisa hana viatu.

Akampita Margareta, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mama Dafroza, aliyesimama kwenye mlango wa besimenti na kofia yake ya waridi kichwani.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu. "Sikuwaambia. Sisi tunaikala gorofa ya tatu, hatuna besimenti. Tulipatana na jirani wa chini tujifiche kwake, na yeye alihama Jumamosi. Saa hii paa imefunuka, na ile ingine inakuya. Mama, niko na batoto bane. Utatupokea kule chini?"